Roboti, mtani na shamba la Paskalia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia matuta ya kabeji juu ya kijiji cha Nyandira, na Paskalia Kobelo yuko kona ya tatu ya njia ya mlimani, anahema. Jembe liko begani. Mkononi ana chupa ndogo ya maji. Anakunywa funda moja, analisubiri lishuke, kisha funda jingine. Anajisikiliza kidogo. Magoti hayajasema kitu. Anaendelea.

Zimebaki kona nne. Juu kabisa, pembeni ya shamba la robo tatu ya ekari, mjomba wake Mzee Eustace amekaa juu ya jiwe, koti zito limefungwa vifungo mpaka shingoni. Mzee huyu ana miaka sabini na minane na amepanda peke yake kabla hakujakucha. Hakuja kupunga upepo. Amekuja kuona kama mpwa wake atafika kwa miguu yake mwenyewe na kuingiza jembe lake mwenyewe ardhini kabla ya Jumatano ya Majivu, siku ya mwisho aliyomwekea.

Leo ni Jumatatu.

Akifika, shamba linabaki lake. Asipofika, masika hii atalima Leonard, mtoto wa mama yake mdogo, ambaye ameshanunua na mbegu za karoti.

"Simchukii Leonard," anasema Paskalia, akifuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Ana watoto sita, anatafuta pa kulima. Lakini lile shamba nilipewa na mama. Nikilipoteza kwa sababu ya unene, nitamwambia nini siku tukikutana huko mbinguni?"

Nyuma yake anakuja mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga kiunoni, analalamika kwa sauti inayosikika bonde zima. "Mlima gani huu, jamani? Waluguru mlikosa pa kukaa? Dunia yote hii tambarare, nyie mkaona hapa!"

Huyo ni Mwaisha Pazi, Mzigua wa Turiani, muuza mchele katika soko la Morogoro Mjini na mtani wa Paskalia kwa miaka kumi na minane. Hakuna aliyemwomba aje. Kama asingekuja, Paskalia angeona ajabu.

Kwa Waluguru wa huku juu, ardhi hufuata upande wa mama. Shamba ni la ukoo, haliuzwi, na anayelilima ndiye mwenye nalo. Katika ukoo wa akina Paskalia msimamizi ni Mzee Eustace, na kanuni yake haina mlango wa uani: shamba likikosa jembe la mwenyewe miaka mitatu, anapewa ndugu mwingine. Kuweka vibarua hakuhesabiki.

"Jembe la kibarua halina ukoo," anasema mzee huyo, na hacheki. "Kibarua akilima miaka kumi, kesho atasema ni lake. Nimeyaona. Mwenye shamba aje mwenyewe, alime hata tuta moja, tumwone."

Paskalia, aliyekuwa akipanda kutoka mjini kila masika kulima, hakuonekana kwa miaka mitatu. Hakuwa mvivu, na kijiji kizima kinalijua hilo. Alikuwa na kilo mia moja arobaini na moja.

Hakuzaliwa nazo. Alipokuwa msichana alikuwa akishusha matenga ya njegere kichwani kutoka shamba hilo hilo mpaka barabarani, mara mbili kwa siku, na bado jioni akawahi mazoezi ya kwaya. Enzi za mama yake mboga zilisubiri lori la ushirika. Lisipokuja, zilioza na watu wakazitazama. Biashara ilipoachwa huria, wanunuzi wakaanza kupanda mlima na magari yao. Paskalia, akiwa na miaka ishirini na mmoja, akafanya kile ambacho wenye akili ya haraka walikifanya: aliona faida inashuka mjini, akashuka nayo.

Akapata kizimba sokoni Morogoro. Kabeji, karoti na njegere za ndugu zake zikamfuata kwa lori la Fuso. Yeye akakaa. Na kukaa ndiko kulikomponza.

"Nilikuwa kwenye kigoda tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka jioni," anasimulia. "Asubuhi chai ya maziwa na chapati tatu. Saa nne supu. Mchana wali wa huyu huyu Mwaisha. Jioni nikichoka, soda mbili. Na watu wananisifu! 'Mama Janeth, biashara imekukubali.' Mimi nacheka, naagiza chipsi."

Ndivyo tulivyo. Mtu akinenepa tunampongeza, akikonda tunamwombea. Kwa miaka karibu ishirini hakuna aliyemwambia Paskalia kwamba mwili wake unamlemea, mpaka mwili wenyewe ulipoamua kusema.

Ulianza na kisukari akiwa na miaka thelathini na minane. Presha ikafuata, kisha magoti. Madereva wa bodaboda wakaanza kumtoza nauli ya watu wawili. Baadaye wale wa mlimani wakamkataa kabisa. Akawa analala ameketi, maana akilala chali pumzi inakatika. Binti yake wa pekee, Janeth, mwalimu wa shule ya msingi, akawa anapiga magoti kila asubuhi kabla ya kwenda kazini kumfunga mama yake kamba za viatu.

"Hilo ndilo lililoniuma kuliko sindano," anasema Paskalia. "Mtoto niliyemfunga viatu mimi."

Alijaribu kupunguza chakula. Tena alijaribu kweli: mwaka mmoja alipunguza kilo tisa kwa mchicha na maji ya moto, kisha zikarudi kumi na moja. Anayedhani mtu mnene hana nia, ajaribu kukaa sokoni siku nzima na njaa, harufu ya maandazi ikipita mbele yake.

Daktari wa kliniki ya kisukari mjini Morogoro ndiye aliyemtajia kwanza upasuaji wa kupunguza uzito. Ili amwandikie rufaa, alihitaji kujua kilo zake hasa. Mizani ya kliniki ikaishia mia moja na thelathini. Muuguzi akaandika "zaidi ya 130", na daktari akasema hiyo si namba.

Mwaisha, aliyekuwa amemsindikiza, akamvuta mkono. "Twende kwangu, mtani. Mizani yangu inabeba gunia na mbeba gunia."

Wakaenda. Mwaisha akatundika kanga mbili kuzunguka mizani ya mchele ili watu wasione, Paskalia akapanda. Sokoni kelele ziliendelea kama kawaida. Mwaisha akasoma namba: mia moja arobaini na moja.

"Miaka yote hiyo nimetaniwa na yule mwanamke," anasema Paskalia. "Ameniita gunia, ameniita kontena, ameniambia nikifa watakodi winchi. Siku ile alinitajia kilo zangu kwa sauti ndogo, akanishika mkono. Nikaogopa. Mzigua akikosa neno, ujue kuna msiba."

Rufaa ilimpeleka Dar es Salaam, kwenye hospitali moja binafsi iliyokuwa imeleta mashine ya upasuaji ya roboti na kutafuta kundi la kwanza la wagonjwa wenye unene uliopita kiasi pamoja na kisukari. Hospitali ilibeba sehemu kubwa ya gharama. Familia ilichangia milioni sita: akiba ya Paskalia katika kikundi cha VICOBA, na nguruwe wanne ambao Janeth anasema bado anawakumbuka kwa majina.

Daktari bingwa aliyempokea anaitwa Abdulswamad, kijana wa miaka arobaini hivi mwenye sauti ya upole. Alianza na shikamoo. Paskalia akaitikia marahaba, kisha akamwaga maswali yaliyokuwa yamemnyima usingizi.

"Sasa baba, hiyo roboti ndiyo itakayonikata yenyewe?"

"Roboti haijui hata tumbo liko wapi, mama," daktari akamjibu. "Mimi nakaa hatua chache kutoka kitandani kwako, natazama ndani ya tumbo kwenye kioo kinachokuza kila kitu. Nikisogeza kidole, mkono wa mashine unasogea. Nikiacha, unaacha. Ni mimi yule yule, ila kwa vidole vyembamba zaidi."

"Na umeme ukikatika?"

Daktari alicheka, lakini hakulipuuza swali. Akamweleza kwamba mashine ina betri yake, hospitali ina jenereta, na pembeni ya kitanda husimama daktari mwingine aliyekwisha kunawa na kuvaa glovu. Mashine ikigoma, wanaendelea kwa mikono. Paskalia anasema jibu hilo ndilo lililomfanya atie sahihi.

Kinachofanywa si kunyonya mafuta, kama wengi wanavyodhani. Sehemu kubwa ya mfuko wa chakula hukatwa na kuondolewa, ukabaki mfereji mwembamba usiozidi ndizi moja. Mtu hushiba kwa chakula kidogo, na njaa yenyewe hupungua, kwa kuwa sehemu iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikipeleka salamu za njaa kwenye ubongo.

"Upasuaji huu unafanyika hata bila roboti, na unafanyika vizuri," anasema Dokta Abdulswamad. "Lakini kwa mgonjwa mnene sana, ukuta wa tumbo ni mzito. Mkono wa daktari unashindana nao saa mbili nzima, unachoka. Mkono wa mashine hauchoki wala hautetemeki. Ninaona vizuri, ninashona kwa utulivu. Mgonjwa naye anabaki na vitundu vidogo, damu kidogo, maumivu kidogo. Na mtu mwenye kisukari, kidonda kidogo ni nusu ya salama yake."

Hapo Paskalia hahitaji kuelezwa na daktari. Miaka kumi iliyopita alifanyiwa upasuaji wa kawaida kuondoa uvimbe kwenye kizazi. Alilala kitandani wiki mbili, kidonda kikatunga usaha, na ilimchukua miezi mitatu kurudi kwenye kigoda chake. Safari hii, mwishoni mwa Septemba, aliingizwa chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi. Alipofumbua macho alimuuliza muuguzi wataanza saa ngapi.

"Akaniambia, 'Mama, tumeshamaliza.' Nikapapasa tumbo. Plasta tano, kila moja kama kifungo cha koti. Nikamwambia, mwanangu, usinidanganye."

Jioni ile ile alitembezwa korido. Siku ya tatu akaruhusiwa kutoka. Mbele ya jengo la hospitali, Janeth alilia kwa sauti mpaka mlinzi akaja kumpa pole, akidhani amefiwa.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Lakini daktari alikuwa ameonya: kazi ya mashine ni saa mbili, kazi ya mgonjwa ni maisha yote. Wiki mbili za kwanza vinywaji tu, kwa vijiko. Kisha vyakula laini. Vitamini kila siku mpaka kaburini. Paskalia aliandika yote kwenye daftari. Kilichomshinda hakikuwa kwenye daftari.

Siku ya tisa, akiwa kwa Janeth mjini, alipata habari kwamba Leonard ameonekana akikata majani kwenye mpaka wa shamba. Akasema lazima apande kijijini, angalau aonekane yupo hai. Janeth akakataa. Paskalia akakumbusha nani alimzaa nani. Wakakodi gari, wakapanda mpaka nyumba ya marehemu mama yake, pale barabara inapoishia.

Habari ikatangulia: Paskalia ametoka kukatwa tumbo. Na kwa akina mama wa ukoo wake, mgonjwa akirudi kutoka hospitali hupelekewa chakula, na waliokipika humkalia mpaka ale. Mgonjwa anayekula ndiye anayepona. Anayekataa, amekataa mkono uliopika.

Mama yake mkubwa alifika mchana na sufuria la ndizi na kuku wa kienyeji. Bibi wa miaka themanini na mmoja, amepanda mwinuko na sufuria kichwani. Akakaa kwenye mkeka, akakunja miguu, akasema, "Kula, mwanangu, nione."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?" anauliza Paskalia. "Yule ndiye aliyeninyonyesha mama alipougua. Nikamwambie roboti imekataza?"

Alikula vipande vinne vya ndizi na mnofu mmoja. Nusu saa baadaye alikuwa amejikunja sakafuni, jasho linamtiririka, anatapika mpaka macho yanataka kutoka. Janeth alimpigia simu Dokta Abdulswamad. Gari lile lile likawashusha mpaka Morogoro, Paskalia akirushwa huku na huku kwenye kila kona ya mlima, akisali rozari aliyoshindwa kumaliza hata fungu moja. Kama mshono ulikuwa umefumuka ndani, wote walijua maana yake.

Haukufumuka. Vipimo vilionyesha kila kitu kimeshika. Daktari, kwa simu, hakumpigia kelele. "Mama," alisema, "ile mishono niliipanga milimita kwa milimita. Tafadhali usiijaribu kwa ndizi."

Janeth anakumbuka kwamba yeye na mama yake walicheka pale kwenye benchi la hospitali, kisha wakalia, kisha wakacheka tena. Walikuwa wamenusurika. Lakini tatizo lilibaki pale pale. Shamba lilikuwa mlimani, Paskalia alitaka kukaa karibu nalo na kuanza kuzoeza miguu, na mlimani kulikuwa na mama wakubwa, mama wadogo na masufuria yao. Kuwakatalia asingeweza. Kuwaeleza alijaribu, waliitikia kwa kichwa, kisha wakauliza kama anapenda maharage.

Mwaisha aliposikia, alifunga kibanda chake cha mchele, akafungasha mkeka na kanga tatu.

Anayejua utani wa Wazigua na Waluguru anajua kwamba mtani ana haki ya kukupokonya tonge ukiwa umeshalifikisha mdomoni, na kazi yako ni kucheka. Paskalia alirudi mlimani, na Mwaisha akatandika mkeka wake mlangoni pa nyumba ya marehemu mama, akakaa hapo siku kumi na mbili. Kila sufuria lililofika alilipokea yeye.

"Hiki cha nani? Cha mtani wangu? Basi changu!" alikuwa akisema, na kabla mwenye sufuria hajajibu, mkono umeshaingia. Alikula mbele yao, akasifia, akatukana. "Kuku mtamu, ila kafa kwa uzee. Waluguru hamchinji mpaka kuku aandike wosia?"

Nani angekasirika? Mgonjwa hajakataa chakula. Kimeporwa na Mzigua. Heshima ya mpishi imebaki, tumbo la mgonjwa limesalimika. Akina mama walikaa, wakacheka, wakarudisha matusi. Siku ya nne mama mkubwa alimuuliza Mwaisha kwa sauti ya chini, "Sasa yeye hasa anaweza nini?" Kuanzia hapo akawa analeta supu ya kuku iliyochujwa mara mbili kwa kitambaa, ndani ya chupa ya chai. Hiyo Mwaisha hakuigusa.

"Nimeongezeka kilo nne kwa ajili yake," analalamika Mwaisha. "Yeye kakatwa, mimi nimenenepa. Nani ananifidia?"

Kilo nazo zikaanza kuondoka. Tatu kwa wiki, kisha mbili, kisha moja na nusu. Sindano za kisukari, alizokuwa akichoma mbili kwa siku, zilipunguzwa, zikasimamishwa. Sasa anameza kidonge kimoja na anapimwa kila mwezi. Krismasi alilala chali, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, na Janeth aliamka mara mbili kusikiliza kama anapumua, kwa vile chumba kilikuwa kimya mno. Mwezi wa kwanza alijifunga kamba za viatu. Hakumwambia mtu. Alikaa tu pembeni ya kitanda, akavitazama viatu, akafungua, akafunga tena.

Aliporudi sokoni, wateja walinong'ona. Mashavu yamekwenda, shingo imerefuka: hilo sokoni lina tafsiri moja, na si nzuri. Wengine wakaanza kununua kabeji kwa jirani. Mwaisha akapanda juu ya gunia. "Huyu haumwi! Kapunguzwa kwa mashine, na mtambo wenyewe ulipumua ulipomaliza! Mwenye shaka aje apimwe naye!" Wateja walirudi, baadhi kununua, wengi kuuliza.

Paskalia huwajibu wote, na hapambi maneno. Anawaambia kwamba nywele zilimkatika miezi miwili. Kwamba akila haraka anaadhibiwa papo hapo. Kwamba kwenye harusi sahani yake ni ya mtoto, na soda amezisahau. "Na si kila mnene ni wa kukatwa," anasisitiza. "Mimi nilikuwa nakufa. Nenda kliniki, daktari ndiye aseme." Pato lake nalo limepanda kidogo, kutoka wastani wa shilingi elfu kumi na tano kwa siku hadi ishirini, kwa sababu siku hizi anasimama na kuita wateja, hasubiri wamwone.

Lakini shamba halikuwa sokoni. Tangu Januari, kila Jumamosi, Paskalia amekuwa akipanda kijijini na kuijaribu njia hii. Wiki ya kwanza aliishia kona ya kwanza. Ya tatu, kona ya pili. Jumamosi iliyopita alifika kona ya tano, akageuka kwa hasira na machozi. Ijumaa walipima kwenye mizani ya mchele: kilo mia moja na nne.

Kona ya tano inapita. Ya sita ina utelezi, na Mwaisha, ambaye bado anawatukana mababu wa Waluguru, anausukuma mgongo wa mtani wake kwa mikono miwili. Paskalia anamwambia aache. "Mjomba kasema kwa miguu yangu."

"Mjomba wako haoni mpaka huku."

"Mimi naona."

Mwaisha anaondoa mikono.

Kona ya saba haina utelezi wala jiwe. Ni mwinuko mtupu, mkali, na Paskalia anaupanda kwa hatua kumi kumi, anasimama, anahesabu pumzi, hatua kumi. Uso wake umelowa na haieleweki kama ni ukungu. Kisha njia inalala, na shamba liko mbele yake, limejaa magugu yaliyofika magotini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," anaitikia Mzee Eustace, bila kuinuka. "Tuta."

Paskalia anashusha jembe. Anang'oa magugu kwa mikono kwanza, kisha anapiga. Udongo wa huku ni mweusi na laini, jembe linaingia. Analima tuta moja lote, kutoka mwanzo hadi kwenye jiwe la mpaka, akipumzika mara tatu. Halafu, bila kuambiwa, anaanza la pili. Katikati yake anasimama, anaegemea mpini, na anaanza kulia waziwazi, mabega yakitikisika. Mwaisha anafungua kanga ya kiunoni, anamfuta uso.

"Tumekuona," anasema Mzee Eustace. Ndilo tamko lenyewe. Hakuna karatasi.

Leonard, aliyekuwa akitazama kutoka shamba la jirani, anavuka mpaka akiwa amevua kofia. "Karibu tena, dada," anasema, kisha anajikuna kichwa. "Sasa mbegu zangu za karoti atanunua nani?"

"Mimi," anajibu Paskalia kati ya machozi na kicheko. "Na ukitaka kibarua cha palizi, kipo. Hicho mjomba hakatazi."

Leonard anasema atafikiria. Mzee Eustace anainuka kwa fimbo yake, tayari kushuka. Paskalia anamzuia. Ana ombi, na anaonekana amelibeba muda mrefu.

"Mjomba, naomba ruhusa ya kupanda mipichesi. Kumi na miwili, huku juu."

Ukooni mtu hupewa shamba la kulima mboga bila maneno mengi. Miti ni jambo jingine; miti huombwa, kwa kuwa anayepanda mti anasema anabaki. Tangu apewe shamba hili Paskalia hajawahi kupanda kitu kinachozidi miezi mitatu. Baada ya kisukari, anasema, hata miezi mitatu aliiona ni mingi kuidai kwa Mungu.

Mzee anamtazama kuanzia viatu hadi usoni.

"Mpichesi unazaa mwaka wa nne," anasema. "Utakuwepo?"

"Nitakuwepo, mjomba."

Mzee Eustace anageuka, anatembea hatua sita kutoka kwenye mpaka alikovuka Leonard, anazihesabu kwa sauti, kisha anachoma fimbo yake ardhini.

"Shimo la kwanza lichimbe hapa."